Mwarobaini au ndugu yake? Historia fupi ya kutambua mimea kwa vinasaba

Wiki chache zilizopita mama mmoja muuza dawa za asili hapa Didia alinipa fungu la majani yaliyotwangwa, akaniuliza, "Bwana shamba, huu ni mwarobaini kweli?" Nikatazama, nikanusa, nikakiri kwamba sijui. Majani yakishakuwa unga, macho hayasaidii.

Swali lake ni la zamani. Mwarobaini una ndugu yake anayefanana naye, Melia azedarach, mti wa kivuli ambao matunda yake yana sumu kwa binadamu na mifugo. Mwaka 1753 Linnaeus wa Uswidi, aliyeeneza utaratibu wa kuupa kila mmea majina mawili ya Kilatini, aliiweka miti yote miwili katika jenasi moja, Melia. Ni mwaka 1830 ndipo Mfaransa Adrien de Jussieu alipoutenga mwarobaini na kuuita Azadirachta indica.

Hapa kwetu, mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti Amani, Usambara, na mimea mingi ikakusanywa, ikakaushwa na kupewa majina. Kitabu kikubwa cha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda kilianza kutoka mwaka 1952 kikakamilika 2012, kikiwa na aina zaidi ya 12,000. Lakini ili ukitumie, unahitaji jani zima, ua au tunda.

Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipendekeza njia nyingine: kusoma kipande kifupi cha vinasaba, kama mashine ya dukani inavyosoma mistari myeusi kwenye pakiti ya sabuni. Kipande alichotumia kwa wanyama hakitofautiani vya kutosha kwenye mimea, hivyo mwaka 2009 wataalamu walikubaliana kutumia vipande viwili, rbcL na matK. Kwa njia hii hata mzizi, gome au unga huweza kutambuliwa.

Watafiti waliijaribu kwa dawa za mimea zilizouzwa kwenye masoko ya Dar es Salaam na Tanga, wakatoa matokeo mwaka 2020. Somo kubwa ni kwamba vinasaba peke yake havitoshi. Hufanya kazi vizuri vikiunganishwa na jina la kienyeji na umbo la mmea. Sababu ni rahisi: maabara hulinganisha sampuli yako na mmea ambao jina lake linajulikana tayari. Kama haupo wa kulinganisha nao, jibu halipatikani.

Kwa hiyo, ndugu mkulima na mfanyabiashara:

1. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, na maua yake ni meupe. Kikonyo cha Melia hugawanyika tena kabla ya vijani, na maua yake ni ya zambarau.

2. Ukichimba mzizi au kubandua gome, kausha pia kitawi chenye majani na ua ndani ya gazeti. Andika jina la Kisukuma, mahali na tarehe.

3. Usinunue unga kwa mtu asiyeweza kukuonyesha mti.

Yule mama nilimshauri asiuze fungu lile mpaka aliyemletea amwonyeshe mti wenyewe. Alinung'unika, maana alishalipia. Lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko kumpa mteja kitu usichokijua.