Dirisha la Kanisa Linamkumbuka Nani?

Ndugu wana-Mwamanyili, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kwetu dirisha la kanisa ni fremu, nondo na kioo cheupe, na mwanga unaingia vizuri. Lakini huko Ulaya ya zamani, waumini wengi walipokuwa hawajui kusoma, dirisha lilikuwa kitabu chao. Mafundi walitia madini katika kioo kilichoyeyushwa, kobalti ikatoa rangi ya buluu na shaba kijani, kisha wakaunganisha vipande kwa risasi mpaka ikatokea sura ya Kristo au mtakatifu. Nyekundu ilisomwa kama damu ya Kristo na ya mashahidi, buluu kama mbingu na Bikira Maria, kijani kama uzima na tumaini. Hata mwanga unaopita katika kioo bila kukivunja ulifundishwa kama mfano wa Neno kufanyika mwili.

Dirisha la rangi lina kazi ya pili, nayo ni kutunza kumbukumbu. Hapa Tanzania, mfano mzuri ni Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, Zanzibar. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Uingereza. Siku ya Krismasi mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa hapohapo sokoni, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Kuna pia madirisha ya vioo vya rangi ya kuwakumbuka mabaharia Waingereza waliokufa wakiyasaka majahazi ya watumwa.

Na watumwa wenyewe? Nje ya kanisa zipo sanamu tano ndani ya shimo, zimefungwa minyororo shingoni. Hazina majina. Watu wale waliotolewa bara walikuwa na majina na wazazi waliowapa. Mabaharia walikuwa na wenzao wa kuwaandika na kuwachangia. Watumwa hawakuwa na mtu wa kuwafanyia hivyo.

Sisi Wasukuma tumeshaonyeshwa njia, wala si mbali. Ukienda Mwanza, pale Kisesa, utafika Bujora. Padri David Clement wa shirika la White Fathers, mzaliwa wa Canada ambaye wazee walimwita Fumbuka, alijenga kanisa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma na kutumia alama za utemi kumtangaza Kristo Mfalme. Jirani yake yapo makumbusho yenye ngoma za watemi. Mtu wa kwetu akiingia mle, anazielewa alama bila mkalimani.

Ndugu zangu, makanisa, shule na zahanati zetu vilijengwa na watu waliofyatua tofali na kusomba mawe na maji. Wengi wao hawamo katika maandishi yoyote, na wazee wanaowajua wanapungua kila mwaka. Napendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu inunue daftari imara kwa kila kijiji, na ibandike kibao chenye majina ukutani mwa kila jengo. Vioo vya rangi ni ghali, lakini kalamu haitushindi. Unapotoa mchango wako, leta pia jina moja la mtu aliyejenga, nawe umuulize mzee wako kabla hujasafiri.