Deni la Vita Hulipwa na Nani?

Ndugu vijana, tunapokumbuka vita vya nchi yetu, twahesabu kwanza wafu, wakimbizi na vijiji vilivyochomwa. Ni haki kuanza hapo. Lakini vita vina hesabu nyingine, isiyopiga kelele: ni nani aliyelipia risasi, mafuta ya ndege na posho za askari? Tuitafute hesabu hiyo katika vita vilivyoanza tarehe 2 Agosti 1998.

Serikali inayoingia vitani ina njia nne za kupata fedha: kuongeza kodi, kukopa, kuchapisha noti, au kutoa mali ya nchi. Njia ya kwanza raia huiona na kuisikia mara moja. Zile nyingine huumiza polepole, na ndiyo sababu watawala huzipenda.

Mwaka 1998, njia mbili za kwanza zilikuwa karibu zimezibwa kwa Kinshasa. Gécamines, iliyokuwa nguzo ya hazina, ilikuwa imedhoofika, na sehemu kubwa ya mashariki ikatoka mikononi mwa Serikali. Wakopeshaji wa nje nao walikuwa wamefunga mlango, kwa kuwa madeni ya wakati wa Mobutu hayakulipwa. Tangu 1994 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuwa limeinyima nchi yetu haki ya kupiga kura. Zikabaki noti na madini.

Faranga ya Kongo ilikuwa bado changa. Ilizaliwa tarehe 30 Juni 1998, mwezi mmoja tu kabla ya vita, faranga 1 ikichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Siku zile dola moja haikufika faranga 2. Vita vilipoanza, Benki Kuu iliziba pengo la Serikali kwa noti mpya. Na noti zikiongezeka bila bidhaa kuongezeka, thamani yake hushuka. Mwaka 2000 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 500. Mei 2001, Serikali ilipoacha kushikilia kiwango chake cha ubadilishaji, dola moja ilipita faranga 300.

Hakuna mbunge aliyepigia kura kodi hiyo, wala hakuna aliyepewa risiti. Hata hivyo ililipwa. Aliilipa mwalimu ambaye mshahara wake uliyeyuka kabla ya kufika sokoni. Aliilipa mjane aliyeweka akiba yake ya noti ndani ya sanduku. Aliyekuwa na dola au nyumba za kupangisha alijikinga. Asiye na kitu ndiye aliyebeba mzigo.

Na madini? Serikali iliwapa washirika wake, Zimbabwe kwa mfano, sehemu katika migodi yetu. Kwa upande wa pili, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionyesha mwaka 2001 jinsi koltani na mali nyingine za mashariki zilivyolisha majeshi ya Rwanda na Uganda pamoja na waasi waliowaunga mkono. Mali hiyo haikuandikwa katika daftari la madeni, lakini ilikuwa deni kweli: kilichochimbwa jana hakitajenga shule kesho.

Wakati huo deni la zamani liliendelea kuzaa riba. Tarehe 1 Julai 2010, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ziliidhinisha msamaha wa dola bilioni 12.3 kwa nchi yetu. Daftari la Serikali likapumua. Sanduku la mjane halikurudishiwa kitu.

Mwaka 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita hivyo, zikiwemo roho za watu, mali na madini. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya bilioni 11. Basi, sehemu kubwa ya gharama ilikwisha kulipwa na watu wetu wenyewe.

Vijana, tutakapowasikia wakubwa wakisema kwamba vita ni lazima, tusiishie kuuliza ni nani atakayeshinda. Tuulize pia fedha zatoka mlango gani, zimeandikwa wapi, na ni nani atakayelipa. Mara nyingi mlipaji ni mtu ambaye hakuitwa kwenye shauri, na mara nyingine ni mtoto ambaye bado hajazaliwa.