Kifungu cha Kubadilisha Vifaa katika Mkataba wa Nyumba Mpya: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutia Saini

Mwananchi anaponunua nyumba ambayo ujenzi wake haujakamilika, hulipia kitu ambacho bado hawezi kukikagua. Anachonunua kwa wakati huo ni ahadi iliyoandikwa katika michoro, orodha ya vifaa na mkataba wa mauziano. Kwa sababu hiyo, kifungu kinachomruhusu mwendelezaji kubadilisha vifaa vya ujenzi kinastahili kusomwa kwa makini, hata kikiwa ni sentensi moja tu ndani ya mkataba mrefu.

Kifungu hicho hueleza kwamba kifaa kilichokubaliwa kikikosekana, mwendelezaji anaweza kutumia kingine. Kuwepo kwake si kosa. Ujenzi huchukua miezi au miaka, na katika muda huo aina fulani ya marumaru inaweza kuacha kuzalishwa au shehena ya vitasa ikachelewa bandarini. Bila ruhusa ya kubadilisha, kazi nzima ingeweza kusimama kwa sababu ya kifaa kimoja. Hoja ni upana wa ruhusa hiyo.

Maneno yanayobeba uzito

Mkataba unaosema mwendelezaji atabadilisha vifaa "kwa kadiri atakavyoona inafaa" humwachia yeye uamuzi wote. Mkataba unaosema kifaa mbadala kitakuwa "chenye ubora na thamani sawa au zaidi", na kwamba mnunuzi atajulishwa kwa maandishi kabla ya kufungwa kwake, huweka kipimo kinachoweza kuthibitishwa. Neno "kinachofanana" pekee halitoshi, kwa kuwa vifaa viwili vinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa uimara.

Mifano ni mingi. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa zaidi. Mlango wa mbao ya msonobari unaweza kupakwa rangi ukaonekana kama wa mninga. Saruji ya daraja la 32.5 na ile ya 42.5 hazilingani kwa nguvu. Nondo ya milimita 12 ina eneo la mkato la takriban milimita 113 za mraba, na ya milimita 10 takriban 79. Anayebadilisha ya kwanza kwa ya pili bila kuongeza idadi hupunguza chuma kwa karibu asilimia 30.

Mfano huo wa mwisho unaonesha mpaka muhimu. Kubadilisha rangi ya sinki ni suala la mwonekano na thamani, lakini kubadilisha nondo, saruji au paa kunagusa usalama wa wakaaji. Mabadiliko ya sehemu zinazobeba jengo yanapaswa kuidhinishwa kwa maandishi na mhandisi aliyesajiliwa, wala yasifichwe chini ya kifungu cha jumla.

Msimamo wa sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 64, inataka mikataba ya uhamishaji wa haki katika ardhi iwe ya maandishi au ithibitishwe kwa maandishi. Ahadi ya mdomo ya wakala wa mauzo kuhusu aina ya madirisha, kwa hiyo, ni vigumu kuisimamia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, humpa aliyeathiriwa na uvunjaji wa mkataba haki ya kulipwa fidia ya hasara iliyotokana nao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye jukumu la viwango vya ubora wa bidhaa, zikiwemo za ujenzi.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kutia saini, mnunuzi anashauriwa kuhakikisha yafuatayo:

- Orodha ya vifaa imeambatishwa na kutajwa kuwa sehemu ya mkataba, ikionesha aina, kipimo na daraja la kila kifaa.
- Sababu zinazoruhusu mabadiliko zimetajwa, na kupanda kwa bei pekee si mojawapo.
- Taarifa ya mabadiliko itatolewa kwa maandishi, na mnunuzi amepewa siku maalumu za kujibu.
- Kifaa cha bei nafuu kikitumika, tofauti ya bei itapunguzwa katika malipo.
- Mnunuzi ana haki ya kukagua ujenzi akiwa na mtaalamu wake, kama vile mbunifu majengo, mhandisi au mkadiriaji majenzi aliyesajiliwa.
- Kipindi cha matazamio baada ya makabidhiano kimetajwa, pamoja na wajibu wa kurekebisha kasoro.

Mnunuzi akibaini mabadiliko yasiyokubaliwa, aandike barua kwa mwendelezaji mapema, aambatishe picha na nakala ya orodha ya vifaa, na ayaorodheshe kabla ya kusaini hati ya makabidhiano. Kusaini bila kuandika pingamizi kunaweza kudhoofisha madai yake baadaye. Asiporidhika na majibu, anaweza kutafuta ushauri wa wakili au, kwa asiye na uwezo wa kulipa, wa watoa huduma wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kabla ya kufikisha shauri katika chombo chenye mamlaka.