Wapagazi Kwanza

Chini ya kitanda changu hapa Chala kuna boksi la viatu. Ndani wamelala askari 118 wa plastiki, kila mmoja mfupi kuliko kidole chako. Waliopakwa rangi ni 11 tu. Waliobaki ni kiporo, bwana, na kiporo kikikaa mno hata mwenyewe unaogopa kukifunua.

Usicheke, msomaji. Mchezo huu wa vita vya mezani una historia yake. Mwaka 1824 maofisa wa Prussia walikuwa wakifundishana vita kwa vipande vidogo juu ya ramani. Mwaka 1893 kampuni ya Britains ya Uingereza ikaanza kutengeneza askari wa madini ya risasi wenye uwazi ndani. Mwaka 1913 mwandishi H.G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za mchezo, Little Wars. Haukupita muda, 1914 vita vya kweli vikalipuka, vikatufikia hadi huku kwetu. Juni 1916 Waingereza waliiteka Kasanga, wakati ule ikiitwa Bismarckburg, pale Ziwa Tanganyika. Na vikaishia jirani: tarehe 25 Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, yaani Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Zambia.

Vita hivyo ndivyo ninavyovicheza. Mwaka jana niliapa kumaliza boksi zima kabla ya Krismasi. Nikaanza na maofisa, nikahangaika na vifungo vya makoti, nikachoka. Safari hii nimejiwekea lengo dogo: wanne kwa wiki, na wapagazi kwanza. Wako 64, kwa hiyo ni wiki 16. Nimeanza Agosti mosi ili nimalize kabla ya 25 Novemba. Na sinunui mwingine hata mmoja!

Kwa nini wapagazi? Kwa sababu wale 11 wangu wenye rangi wote wana bunduki. Nilipogundua hilo nikaona aibu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa hukadiriwa kupita 90,000, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Jina lao tunalitamka kila siku tunaposema Kariakoo, maana limetoka kwenye Carrier Corps. Lakini pale Dar es Salaam, juu ya mnara wa 1927, anayesimama ni askari na singe yake. Nairobi angalau mpagazi naye kasimamishwa pamoja na wapiganaji.

Hata madukani mpagazi ni shida kumpata. Wangu nimewaunda mwenyewe: nimekata bunduki kwa wembe, nikawatwika furushi la udongo kichwani. Sasa kazi ni rangi. Ya askari inajulikana, kaki kuanzia kofia. Mpagazi je? Picha za wakati ule hazina rangi. Nilimpaka mmoja shuka nyeupe, jirani yangu mzee akamgeuza-geuza, akauliza, "Huyu ametembea siku ngapi, mjukuu wangu?"

Nikamrudia na rangi ya vumbi.

Wanne wa wiki hii wanakauka dirishani. Upepo wa Ufipa umewaongezea vumbi la kweli, nami sikulifuta. Mmoja furushi limemdondoka, itabidi nimtwike tena.