Waliomcheka sista wa katekisimu: historia ya michezo minne na watu walioitazama

Mtu aliyesomea shule ya masista ana mambo ambayo hayasahau. Rula juu ya meza ya mwalimu. Majibu ya katekisimu yaliyokaririwa neno kwa neno. Woga wa kusikia jina lako likiitwa mbele ya darasa zima. Huko Marekani, watu waliolelewa hivyo waliyageuza malezi hayo kuwa michezo ya kuchekesha. Kati ya mwaka 1979 na 1993 michezo minne ya namna hiyo ilijulikana sana, na mingi kati yake ilianzia katika kumbi ndogo ambamo mtazamaji anaona hata jasho la mchezaji.

Mmoja ulimfanya askofu mkuu aukemee mbele ya watu. Mwingine masista wenyewe walikuja kuutazama kwa makundi. Wa tatu ulijaza ukumbi miaka mingi karibu na Chicago, lakini New York ukafa katika siku chache. Wa nne uliwachangishia masista wazee pesa. Wote ulicheka kitu kilekile, lakini watazamaji hawakuupokea kwa namna moja, na sababu zake zinafaa kujulikana na kila jamii yenye shule za Kanisa.

Malezi yenyewe

Tangu mwaka 1885 watoto Wakatoliki wa Marekani walifundishwa dini kwa kitabu kilichoitwa Katekisimu ya Baltimore. Kilikuwa cha maswali na majibu: mwalimu anauliza, mtoto anajibu kwa maneno yaleyale ya kitabu. Wengi wa watoto hao walikuwa wana na wajukuu wa wahamiaji kutoka Ireland, Italia, Poland na Ujerumani. Parokia ilikuwa kijiji chao ndani ya mji mkubwa, na shule ya parokia ilikuwa mlango wa kuingilia maisha ya nchi mpya. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shule hizo zilijaa kupita kiasi. Sista mmoja aliweza kukabidhiwa watoto 50 au zaidi katika chumba kimoja. Mwaka 1965 nchi hiyo ilikuwa na masista karibu 180,000.

Halafu mambo yakabadilika kwa haraka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, ulifungua njia ya Misa kusomwa kwa lugha za watu, na masista wengi wakaacha vazi refu la kitawa. Mwaka 1966 maaskofu wa Marekani walilegeza sheria ya kutokula nyama siku ya Ijumaa nje ya Kwaresima. Mwaka 1969 kalenda ya watakatifu ilipangwa upya, na mtakatifu Kristofa, ambaye wasafiri wengi walibeba medali yake, hakubaki tena katika kalenda ya Kanisa zima.

Mtoto aliyekuwa ameambiwa kwamba kula nyama Ijumaa kwaweza kumpeleka motoni alibaki na swali: na wale waliokula kabla ya sheria kubadilika, wako wapi sasa? Ndani ya swali hilo mlikuwa na kicheko na uchungu pia. Wachekeshaji waliokuja baadaye walichota humo.

Sista Mary Ignatius na hasira ya St. Louis

Mchezo wa kwanza uliandikwa na Christopher Durang, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1949 na kusomeshwa katika shule za Kikatoliki. Aliuandika wakati mama yake alipokuwa akiteswa na saratani. Ulionyeshwa kwanza New York mwezi Desemba 1979 na kikundi kidogo cha Ensemble Studio Theatre. Jina lake ni Sister Mary Ignatius Explains It All for You.

Mwanzoni watu wanacheka bila wasiwasi. Sista anasimama mbele ya watazamaji kama mbele ya darasa, anaeleza mbingu, toharani, moto na limbo, na anajibu maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi. Kando yake yuko mtoto wa miaka saba, Thomas, anayekariri katekisimu na kupewa biskuti kila anapojibu vizuri.

Kisha wanafikapo wanafunzi wake wa zamani wanne, na kicheko kinaanza kukauka. Mmoja alinyimwa ruhusa ya kwenda chooni alipokuwa mtoto, na mwili wake haujapona aibu hiyo. Mwingine amezaa bila ndoa. Wa tatu ni mwanamume anayependa wanaume. Wa nne, Diane, alimtazama mama yake akifa kwa maumivu ya saratani huku maombi yake yakikosa jibu, na amekuja na bastola. Lakini sista anamwahi na kumwua yeye. Halafu anamwuliza yule wa tatu kama ameungama. Akijibu kwamba ameungama asubuhi hiyohiyo, sista anampiga risasi pia, kusudi aende mbinguni kabla hajatenda dhambi tena. Mchezo unaisha mtoto Thomas akiwa ameshika bastola na kukariri majibu yake.

Watazamaji wa New York waliupokea vizuri. Durang na Elizabeth Franz, aliyemwigiza sista, walipewa tuzo ya Obie mwaka 1980, na kuanzia 1981 mchezo uliendelea kwa zaidi ya miaka miwili.

Ulipofika miji mingine mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1983 kikundi kimoja kilipoutayarisha St. Louis, mji wenye Wakatoliki wengi katika jimbo la Missouri, Askofu Mkuu John May aliukemea. Shirika la Catholic League nalo liliupinga kama matusi kwa dini. Hata kati ya wabunge wa jimbo kulitokea sauti za kutaka pesa ambazo serikali inatoa kwa sanaa zikatwe.

Hasira hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1844, katika mji wa Philadelphia, wenye chuki na wahamiaji Wakatoliki walichoma makanisa. Hata mwaka 1960, John Kennedy alipogombea urais, ilimbidi aeleze mbele ya wachungaji Waprotestanti kwamba hatatawala kwa amri ya Papa. Mkatoliki mzee wa St. Louis aliyesikia kwamba sista anaonyeshwa jukwaani akiua watu, alikumbuka dharau ambayo wazazi wake walivumilia. Kwake, mchezo huo ulikuwa jiwe jingine kutoka kwa adui.

Waliotetea mchezo nao walikuwa na neno lao: mwandishi hakuwa adui wa nje. Alikuwa mtoto wa nyumba hiyohiyo, anayesema alichofanyiwa au alichoona wenzake wakifanyiwa. Pande hizo mbili zilitazama sista mmoja jukwaani, upande mmoja ukaona mama anayetukanwa, na mwingine ukaona mtoto ambaye hakusikilizwa.

Masista waliokuja kujicheka

Dan Goggin, aliyefundishwa na masista Wadominika katika jimbo la Michigan, alichagua njia nyingine. Alianza kwa kadi za salamu zenye picha ya sista na maneno ya kuchekesha. Kadi zilipopendwa, akatengeneza onyesho dogo la nyimbo, na tarehe 12 Desemba 1985 mchezo wake kamili, Nunsense, ulifunguliwa katika Cherry Lane Theatre ya New York, ukumbi wenye viti visivyofika 200.

Hadithi yake ni ya kipuuzi kwa makusudi. Mpishi wa konventi amepika supu yenye sumu na masista 52 wamekufa. Waliopona ni wale waliokuwa wamekwenda kucheza bingo. Pesa za mazishi hazikutosha, sababu mama mkubwa alinunua mashine ya video, kwa hiyo masista wanne bado wako ndani ya friza wakingoja kuzikwa. Waliobaki wanaamua kuimba na kucheza ngoma mbele ya watu ili wapate pesa.

Mtu anaweza kudhani kwamba maiti ndani ya friza ni tusi kubwa. Lakini masista wa kweli walikuja kuutazama kwa makundi, wakacheka. Mchezo uliendelea hadi mwaka 1994, mara 3,672 mfululizo, na ukatafsiriwa katika lugha zaidi ya 20. Masista wa Goggin ni watu: mmoja alitamani kuwa nyota wa jukwaa, mwingine amesahau hata jina lake, mama mkubwa anapenda kuonekana. Sista aliyeketi kwenye kiti aliwatambua wenzake wa konventi. Alichekwa bila kuvuliwa utu wake.

Hata hivyo, aliyekuwa na kidonda kama cha Diane hakupata mahali pa kukiweka katika mchezo huo. Nunsense ulipendwa na wengi, na sehemu ya sababu ni kwamba haukuuliza swali gumu.

Chicago, watazamaji wanapokuwa darasa

Mji wa Chicago, wenye mojawapo ya mitandao mikubwa ya shule za parokia Marekani, ulitoa michezo miwili. Wa kwanza ulitokana na kitabu cha mwaka 1975 cha John Powers, Do Black Patent Leather Shoes Really Reflect Up? Jina hilo linataja onyo la zamani kwa wasichana: wasivae viatu vyeusi vya kung'aa, kwa sababu wavulana wataona ndani ya sketi zao kama katika kioo. Karibu na Chicago mchezo huo ulianza mwaka 1979 na kuendelea zaidi ya miaka mitatu. Mwaka 1982 ulipelekwa Broadway, katika ukumbi mkubwa wa New York, ukafungwa baada ya kuonyeshwa mara tano tu. Chicago watu walikuwa wakijitazama wenyewe na mitaa yao. Katika ukumbi mkubwa wa mji mwingine, utani uleule ulihitaji kuelezwa, na utani unaoelezwa hauchekeshi tena.

Wa pili, Late Nite Catechism, uliandikwa na Vicki Quade na Maripat Donovan. Ulianza Chicago mwaka 1993 katika ukumbi mdogo wa Live Bait Theater. Mchezaji ni mmoja tu, sista aliyevaa vazi la zamani, na watazamaji ndio wanafunzi wake. Anayechelewa anaulizwa alikuwa wapi. Anayetafuna chingamu anaambiwa aiteme. Aliyevaa nguo iliyo wazi kifuani anapewa karatasi laini ajifunike. Anayejibu vizuri anapata picha ya mtakatifu au rozari inayong'aa gizani.

Watu wenye mvi, wenye kazi na wajukuu, walijikuta wakinyosha migongo na kujibu kwa sauti moja: "Ndiyo, Sista." Majibu waliyokariri miaka 40 mbele yalitoka midomoni kabla hawajafikiri. Walicheka kwa kuona kwamba mtoto yule wa zamani bado yumo ndani yao, na kwamba safari hii hakuna rula.

Onyesho likiisha, sista wa mchezo alikuwa akisimama mlangoni na chombo cha kupokea sadaka kwa ajili ya masista wa kweli waliozeeka. Haja hiyo haikuwa utani. Masista walikuwa wamefundisha kwa malipo madogo sana, na kwa miaka mingi hawakuingizwa katika pensheni ya serikali. Sheria iliwafungulia mlango mwaka 1972 tu. Mwaka 1988 maaskofu walianzisha mchango wa taifa zima kwa ajili ya watawa wazee. Vijana walioingia utawa walikuwa wachache: kufika 2014 masista wa Marekani walikuwa chini ya 50,000. Shilingi kwa shilingi, tuseme dola kwa dola, sadaka za watazamaji zilifika mamilioni. Wengi waliotoa walikuwa wametoka kucheka ukali wa mwalimu yuleyule.

Jambo linalogusa Kongo

Shule za namna hii si habari ya mbali kwa wakaaji wa Kongo. Mwaka 1906 Vatikano na serikali ya Leopold wa Pili zilifanya mapatano yaliyowapa wamisionari Wakatoliki nafasi kubwa katika elimu. Mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule za Makanisa, na mwaka 1977 uongozi wake ulirudishwa kwa Makanisa kwa mkataba. Watoto wengi wa nchi hii, pamoja na wale wanaosomea mahali walipokimbilia vita, bado wanafundishwa katika shule za parokia. Kuna wazazi wanaomshukuru sista aliyewafundisha kusoma. Kuna wengine ambao bado wanasikia fimbo yake. Mara nyingi mtu mmoja ana mambo yote mawili moyoni.

Michezo hiyo minne inafundisha kwamba kuyasema yote mawili kunawezekana, lakini ni vigumu kuyasema kwa mara moja. Durang alisema kidonda, na waliopenda shule zao wakaona wametukanwa. Goggin alisema upendo, na wenye vidonda wakabaki kimya. Mwaka 2002 gazeti la Boston Globe lilifichua jinsi mapadri waliodhulumu watoto walivyohamishwa parokia kwa parokia, na ikaonekana kimya hicho kiligharimu nini. Watoto walikuwa wamesema. Wakubwa waliona kulinda jina la nyumba ni muhimu zaidi.

Aliyekemea mchezo kule St. Louis alikuwa na haki ya kuumia kwa ajili ya masista waliojitoa maisha yao yote. Lakini mtu aliyenyimwa ruhusa ya kwenda chooni akiwa na miaka saba alikuwa na haki ya kusikilizwa kwanza, kabla ya kuulizwa kama anatukana dini.