Bluetooth ya Simu: Historia Yake na Mizizi ya Matatizo Yake

Bluetooth ni njia ya kuunganisha vifaa vilivyo karibu kwa mawimbi ya redio badala ya waya. Ilianza kubuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, mjini Lund, kusini mwa Uswidi, ikaingia kwenye simu za mkononi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo haikosekani kwenye simu janja. Malalamiko ya watumiaji wake yanafanana kila mahali: simu hazionani, vifaa vinakataa kuungana, sauti inakatikakatika, faili halifiki. Mengi ya matatizo hayo hayakuzuka tu. Yanatokana na uamuzi ambao wabunifu waliufanya kwa sababu maalumu, na mtu anayeijua sababu hiyo huwa amekwisha kuukaribia ufumbuzi.

Kutoka waya hadi redio

Katika miaka ya 1990 simu ya mkononi iliunganishwa na kompyuta au kipokea sauti kwa waya. Njia nyingine ilikuwa ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ambao ulizitaka simu mbili zielekezane uso kwa uso, karibu sana, bila kutikiswa hadi kazi iishe. Mkono ukihama kidogo, mawasiliano yalikatika. Nils Rydbeck, aliyesimamia teknolojia katika kitengo cha simu cha Ericsson, alitaka njia isiyohitaji waya wala kuelekezana. Kazi hiyo ilimwangukia Mholanzi Jaap Haartsen, na baadaye akaungana naye Mswidi Sven Mattisson. Masharti yalikuwa matatu: kifaa kiwe cha bei nafuu, kile chaji kidogo, na kitoshee ndani ya simu.

Masharti hayo ndiyo chanzo cha umbali mfupi ambao watu huulalamikia. Simu nyingi zilipewa redio yenye nguvu ya miliwati 2.5, inayokusudiwa kufika mita 10 hivi mahali pasipo na kizuizi. Vifaa vya daraja la juu, vyenye miliwati 100, vinaweza kufika mita 100, lakini hutumia nishati nyingi zaidi. Takwimu hizo hujibu pia swali la watu wanaohofia mionzi. Simu ya GSM katika masafa ya megahezi 900 iliruhusiwa kutoa hadi wati 2 wakati wa kuwasiliana na mnara, nguvu ambayo ni mara 800 ya ile ya Bluetooth ya kawaida.

Uamuzi mkubwa zaidi ulihusu masafa. Haartsen alitumia eneo la gigahezi 2.4, ambalo lilitengwa na mataifa mwaka 1947 kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba, na ambalo Marekani ililifungulia mawasiliano yasiyo na leseni mwaka 1985. Faida yake ni kwamba mtumiaji halipii kibali. Hasara yake ni kwamba eneo lisilo na mwenyewe hujaa watu. Oveni za maikrowevu hufanya kazi humo, na kuanzia mwaka 1999 Wi-Fi nayo ilienea humohumo. Ili Bluetooth isizibwe, masafa hayo yaligawanywa katika vijia 79, na vifaa viwili vinavyowasiliana huruka pamoja kutoka kijia kimoja hadi kingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio vinaoujua vyenyewe. Wazo la kurukaruka lilikuwa la zamani: mwaka 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza nchini Marekani ya kuongoza torpedo kwa njia ya namna hiyo. Toleo la 1.2 la mwaka 2003 liliongeza akili kidogo: vifaa vikaanza kutambua vijia vilivyojaa na kuviruka.

Mawimbi ya masafa hayo yana udhaifu mwingine: hufyonzwa na maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa zaidi ya nusu. Mtu akitembea uwanjani na simu kwenye mfuko wa nyuma wa kushoto, huku kipokea sauti kikiwa sikio la kulia, mawimbi hulazimika kupenya nyonga, tumbo na kifua. Ndani ya nyumba hali huwa nafuu, kwa kuwa mawimbi hudunda ukutani na kufika kwa kuzunguka. Nje hakuna ukuta. Ndiyo maana muziki unaochezwa vizuri sebuleni hukatikakatika barabarani, na mara nyingi kuhamishia simu upande wa sikio lenye kipokea sauti kunatosha kuuponya.

Jina la mfalme

Mwaka 1997 kampuni kadhaa zilikuwa zikijadiliana kuhusu kanuni moja ya redio za masafa mafupi. Jim Kardach wa Intel alipendekeza jina la muda la Bluetooth, yaani Jino la Buluu, lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuwaunganisha Wadenmark na kuitawala Norway. Kardach alikuwa amesoma habari za mfalme huyo katika riwaya ya Mswidi Frans G. Bengtsson. Jina la kudumu lilikuwa lije baadaye, lakini halikupatikana kwa wakati, na la muda likabaki. Alama inayoonekana kwenye simu ni muungano wa herufi mbili za kale za Skandinavia, zinazowakilisha H na B za jina la mfalme.

Mwezi Mei 1998 Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba zilitangaza umoja wa kuisimamia teknolojia hiyo. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999 likiwa na dosari nyingi, hata vifaa vya watengenezaji tofauti mara nyingi vilishindwa kuwasiliana. Toleo la 1.1 la mwaka 2001 ndilo lililoleta utulivu, na mwaka huohuo simu kama Ericsson T39 na Nokia 6310 ziliingia sokoni.

Umoja huo uliweka utaratibu ambao bado unawachanganya watumiaji. Bluetooth ina kanuni nyingi za kazi: moja ya kupiga simu, moja ya muziki, moja ya kutuma faili, na nyinginezo. Vifaa viwili hufanya kazi pamoja pale tu vinaposhirikiana kanuni moja. Kuungana, basi, si kuelewana. iPhone, iliyotoka mwaka 2007, iliunganishwa na vipokea sauti lakini haikupokea wimbo kutoka simu ya kampuni nyingine, kwa sababu Apple haikuiwekea kanuni ya kupokea faili. Wanaouliza kwa nini simu hizo hukataa kupokea picha kwa Bluetooth hutafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Namba ya siri na ufunguo

Redio haina mlango. Anayerusha mawimbi huwarushia wote waliomo ndani ya umbali huo. Kwa hiyo tangu mwanzo vifaa viwili vilitakiwa kuoanishwa kabla ya kuaminiana. Katika simu za awali, mtumiaji aliandika namba ileile ya siri kwenye vifaa vyote viwili. Kipokea sauti hakikuwa na vitufe vya kuandikia, kwa hivyo watengenezaji walikiwekea namba isiyobadilika, mara nyingi 0000 au 1234. Namba hizo bado huulizwa na baadhi ya redio za magari na spika za zamani.

Toleo la 2.1 la mwaka 2007 lilibadili utaratibu. Simu mbili zikawa zinaonyesha namba moja ya tarakimu sita, na mtumiaji anathibitisha tu kwamba zinalingana. Kilichobaki vilevile ni ufunguo. Baada ya kuoanishwa, kila kifaa huhifadhi nakala ya ufunguo wa pamoja, na siku nyingine huungana kimyakimya. Simu ikifutwa na kurejeshwa kama ilivyotoka kiwandani, nakala yake hupotea, lakini kipokea sauti bado kina ya kwake. Mmoja ana ufunguo, mwingine hana, na uunganishaji hukataa bila maelezo. Dawa yake ni kufuta kumbukumbu pande zote mbili, kisha kuoanisha upya. Kufuta upande mmoja tu mara nyingi hakusaidii.

Ufunguo hueleza pia kisa cha spika ya nyumbani inayokataa simu mpya. Spika nyingi zikiwashwa huitafuta kwanza simu ya mwisho zilizoungana nayo. Kama simu hiyo iko chumba cha pili na Bluetooth yake imewashwa, spika hushikwa nayo na haionekani kwa wengine.

Virusi na kufichwa kwa simu

Mwezi Juni 2004 kiligunduliwa Cabir, kirusi cha simu kilichojisambaza kwa Bluetooth katika simu zenye mfumo wa Symbian. Kilitafuta simu iliyoonekana karibu na kuitumia faili, na mwenye simu akikubali kulipokea na kuliweka, simu yake ilianza kuwatafuta wengine huku ikimaliza chaji. Mwaka 2005 kilifuata Commwarrior, kilichopita kwa Bluetooth na kwa ujumbe wa picha.

Athari yake ya kudumu ni katika mipangilio. Watengenezaji waliacha desturi ya simu kuonekana muda wote, wakaweka muda mfupi wa kuonekana, au wakaiacha simu ionekane pale tu ukurasa wa Bluetooth unapokuwa wazi. Hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko la kwamba Bluetooth imewashwa lakini simu haionekani. Kuwasha ni jambo moja, kuonekana ni jingine. Anayetaka kuonekana afungue ukurasa huo na auache wazi. Mwaka 2017 kampuni ya Armis ilitangaza kundi la kasoro lililoitwa BlueBorne, ambalo lilimwezesha mshambuliaji kuingia katika vifaa vingi bila mwenyewe kubonyeza chochote. Kasoro hizo huzibwa kwa masasisho ya mfumo, na simu isiyosasishwa hubaki nazo.

Enzi ya kurushiana

Afrika Mashariki iliipokea Bluetooth kwa namna yake. Hadi mwaka 2009, nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani kupitia baharini, intaneti ya eneo hili ilitegemea zaidi satelaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Wimbo ulioingizwa kwenye simu moja kutoka kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi ulisafiri kutoka mkono hadi mkono. Watu hawakusema kuhamisha faili. Walisema kurusha, na ombi lilikuwa neno moja: nirushie.

Hatua zake zilijulikana na wengi. Mwenye wimbo alichagua kutuma kwa Bluetooth, simu ikatafuta, na majina ya simu zilizo karibu yakajipanga kwenye kioo. Hapo mtu aliuliza, "Yako ni ipi?" Mpokeaji alibonyeza ndiyo, kisha wote wawili wakasubiri asilimia zipande. Kasi ya matoleo ya kwanza haikuzidi kilobiti 723 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa megabaiti 4 ulihitaji sekunde zisizopungua 44, na kwa kawaida zaidi. Toleo la 2.0 la mwaka 2004 liliongeza kasi karibu mara tatu. Mmoja akiondoka kabla ya kumaliza, kazi ilianza upya, kwa kuwa simu hizo hazikukumbuka zilipoishia. Faili pia lilikataliwa pale memori ilipojaa, au lilipokuwa limefungwa na muuzaji lisirushwe, kama baadhi ya miito ya kununua.

Kurushiana huko kulieneza nyimbo za Bongo Fleva na taarabu hadi mahali ambapo kanda na diski hazikufika, ingawa mtunzi hakupata malipo. Baadaye programu kama Xender na SHAREit zilianza kurusha kwa Wi-Fi, kwa kasi kubwa zaidi, na WhatsApp ikaondoa hata haja ya kuwa karibu.

Sauti, na nishati ndogo

Bluetooth ilipoachiwa kazi ndogo ya faili, ilichukua kubwa ya sauti. Apple iliondoa tundu la vipokea sauti kwenye iPhone 7 mwaka 2016, wengine wakafuata, na vipokea sauti visivyo na waya vikawa bidhaa ya kila duka. Hapa malalamiko ni mawili. La kwanza ni sauti kuchelewa nyuma ya picha. Kabla ya kurushwa, muziki hubanwa, na ukifika hufunguliwa na kuwekwa akiba kidogo ili usikatike. Kazi hiyo huchukua sehemu ya sekunde, inayoonekana kwenye midomo ya mwigizaji na kusumbua zaidi katika michezo ya simu. La pili ni muziki kugeuka kama unatoka ndani ya debe pindi kipaza sauti kinapofunguliwa. Muziki na maongezi vina kanuni tofauti, na ile ya maongezi ilibuniwa kwa sauti ya simu yenye kilobiti 64 tu kwa sekunde. Kipaza sauti kikifungwa, muziki hurudi ulivyokuwa.

Toleo la 4.0 la mwaka 2010 lilileta Bluetooth ya nishati ndogo, iliyotokana na kazi ya Nokia, kwa ajili ya saa na vipima mapigo vinavyotumia betri ndogo. Tangu hapo kuiacha Bluetooth imewashwa hupunguza chaji kidogo tu. Lakini vijitangazaji vidogo vya aina hiyo, vikibandikwa dukani au kwenye jengo, vinaweza kufichua mtu yuko wapi. Kwa sababu hiyo, kuanzia toleo la 6 la mwaka 2015, Android iliitaka programu inayotafuta vifaa iombe ruhusa ya mahali, jambo lililowatia watu shaka. Mwaka 2021 toleo la 12 lilitenganisha ruhusa hizo, na sasa programu nyingi huomba ile ya vifaa vilivyo karibu peke yake.

Kutokana na historia hiyo, uchunguzi wa tatizo una mpangilio wake. Kwanza ni umbali na vizuizi, mwili ukiwemo. Pili ni kuonekana kwa kifaa, na kama hakijashikwa na simu nyingine. Tatu ni kanuni ya kazi: je, vifaa hivyo vina lugha moja ya kazi inayotakiwa? Nne ni ufunguo, unaofutwa pande zote mbili. Mwisho ni masasisho ya mfumo. Simu ikivuka hatua zote hizo na bado inakataa, kilichobaki ni kukijaribu kifaa cha pili kwenye simu nyingine, ili ijulikane ubovu uko upande upi kabla ya kulipia matengenezo.