Chuma chenye kutu kutoka ardhini: Jinsi ya kutambua mabaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia

Mkulima akilima karibu na Taveta, au mafundi wakichimba msingi wa nyumba mjini Tanga, si ajabu wakutane na kipande cha chuma kilicholiwa na kutu. Wengi hukitupa. Wengine hukipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na wapo wanaokipasua kwa nyundo wakiamini kuna mali iliyofichwa na Wajerumani. Katika makala hii tunaeleza vitu hivyo ni nini, vinatambuliwaje, na kwa nini vingine haviguswi kabisa.

Vita vilipita hapa

Novemba 1914, jeshi la Uingereza lenye watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishindwa Tanga na kikosi cha Wajerumani na askari wa Kiafrika wapatao 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Upande wa Kenya ya leo, Wajerumani waliishikilia Taveta kuanzia Agosti 1914 hadi Machi 1916. Februari 12, 1916, Waingereza pamoja na askari wa Afrika Kusini walijaribu kukiteka kilima cha Salaita wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata mapigano yalihamia vilima vya Latema na Reata. Maeneo yote hayo yaliachiwa vyuma vingi.

Kwanza: je, kinaweza kulipuka?

Hili ndilo swali la kujiuliza kabla ya mengine yote. Kombora la mzinga huwa zito kuliko ukubwa wake, lina umbo la mviringo lenye ncha upande mmoja, na mara nyingi lina mkanda wa shaba karibu na kitako. Guruneti inaweza kuonekana kama donge la kutu tu. Miaka mia moja ardhini haiondoi hatari: baruti inaweza kubaki hai wakati ganda la nje limedhoofika.

Ukikiona kitu cha namna hiyo, usikinyanyue, usikigonge, usikipashe moto wala usikipeleke nyumbani. Weka alama mahali hapo ukiwa mbali, wazuie watoto, kisha toa taarifa polisi.

Rangi na sumaku

Kwa vitu visivyo na hatari, rangi husema mengi. Chuma hupata kutu ya kahawia au nyekundu, na kutu huvimba, hivyo msumari unaweza kuonekana kama mzizi wa muhogo. Shaba hugeuka kijani. Madini ya risasi huwa na rangi ya kijivu yenye ukungu mweupe, na ni mazito.

Sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, inasaidia pia. Chuma huivuta, shaba haiivuti. Lakini chuma kilichogeuka kutu chote, hadi ndani, kinaweza kushindwa kuivuta, kwa hiyo sumaku peke yake haitoshi.

Kitako cha ganda la risasi

Vitu vidogo vinavyopatikana kwa wingi ni maganda matupu ya risasi, na haya hutofautishwa kwa kutazama kitako. Ganda la bunduki ya Kiingereza ya milimita 7.7 lina ukingo uliojitokeza nje. Ganda la Kijerumani la milimita 7.92 lina mfereji uliozunguka kitako, na ukingo wake haujitokezi. Ukikuta ganda nene zaidi, la milimita 11, huenda ni la bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa upande wa Wajerumani bado walikuwa nayo vita vilipoanza. Ilitoa moshi mwingi uliofichua alipo mpigaji.

Kitakoni mara nyingi kuna herufi na tarakimu. Hizo ni alama za kiwanda, aina ya risasi au tarehe ya kutengenezwa. Si ramani ya hazina.

Mahali ndipo penye habari

Ganda moja mkononi linatuambia aina ya bunduki. Maganda thelathini yaliyolala pamoja nyuma ya jiwe yanatuambia mtu alijificha wapi, alielekea upande gani na alipiga kwa muda gani. Yakikusanywa na kuuzwa kwa kilo, habari hiyo hairudi tena.

Hata vitu visivyo silaha vina uzito. Makopo ya nyama, misumari ya reli na viatu vya chuma vya nyumbu huonyesha njia na kambi. Wabebaji mizigo wa jeshi la Uingereza, ambao jina la kikosi chao lilizaa jina Kariakoo, walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu za serikali yenyewe, wengi kwa magonjwa na njaa. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Kopo bovu linaweza kuwa alama pekee iliyobaki ya mahali walipolala.

Si kila kitu ni cha vita

Donge jeusi, zito, lenye vishimo kama vya mkate na michirizi ya kitu kilichoyeyuka, huenda ni mavi ya chuma, yaani takataka ya kuyeyusha chuma. Likiwa pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya kupulizia hewa, basi hapo palikuwa na tanuri. Huko Buhaya, mkoani Kagera, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, muda mrefu kabla ya Mjerumani kufika.

Usisugue

Kosa la kawaida ni kusugua kwa msasa, ndimu au tindikali. Mara nyingi umbo la kitu limebaki ndani ya kutu yenyewe, na ukiiondoa umeondoa kitu. Wataalamu wa makumbusho hukipiga eksirei kwanza ili waone kilichomo.

Kipige picha pale pale kikiwa na rula pembeni, andika mahali na kina ulichokikuta, kisha kihifadhi pakavu. Kilichotoka baharini kibaki ndani ya maji hadi mtaalamu akione, kwa sababu chumvi hukipasua kikikauka.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inataka kibali cha kuchimba mambo ya kale. Nchini Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kutoa taarifa. Makumbusho au ofisi ya utamaduni iliyo karibu nawe ndiyo pa kuanzia.

Mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, unaonekana leo Fort Jesus, Mombasa, na kila mgeni anaelezwa ulikotoka. Ganda dogo la Salaita linastahili hivyo hivyo, na linaanza kustahili pale aliyeliokota anapoandika alikoliokota.